Asalimie Tu

Nianze na aibu yenyewe, ndio mkiendelea kusoma mjue mnasoma nani. Mimi, Fundi Ndung'u, nilitoa maiki kwa mkono wa msichana wa Form Two aliyengoja zamu yake miezi saba, nikampa mgeni wa heshima asalimie wanaanga. Hakuna mtu alinishikia panga. Niliipeana na mikono miwili, nikainama kidogo, vile mtu huinama akiwapelekea wakwe chai.

Nimestaafu juzi. Mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukuta, na kila aliyesimama akasema huyu mzee tumekaa na yeye miaka yote na hatujawahi kumwona amekasirika. Ni kweli, na hiyo ndiyo shida. Nilikuwa mtu wa kuchekesha watu. Sasa niko nyumbani, sina kengele ya kutengeneza, na hasira zimekuja zote pamoja kama kuku wakiona mama ametoka na mahindi. Kwa hivyo nawaandikia nyinyi mnaobaki na funguo za lab. Mambo ya vyeo hamtapata hapa. Nilikuwa na cheo kimoja tu, fundi, na watu walianza kuniita hivyo kabla nijue kazi yenyewe.

Shule niliacha Form Two. Watu wakiuliza nasema shule iliungua. Haikuungua. Mimi na hesabu tulikosana, hesabu ikabaki darasani, mimi nikatoka. Mjomba akanipeleka Bondeni, hapo Nakuru, kwa Mzee Shabani, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda kidogo hadi ukitaka kugeuka lazima mwenzako atoke nje kwanza. Siku ya kwanza nilibeba bisibisi yangu mfukoni, mpya, nikijua nitafungua redio mpaka jioni. Mzee akaniweka kwa stuli, akawasha redio moja iliyoharibika, akaendelea na kazi yake.

Baada ya saa nzima akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Kelele, mzee."

"Kelele gani?"

"Kelele tu."

"Basi kaa."

Nilikaa siku tatu. Siku ya nne nilimwambia hii inalia kama mafuta ya kukaanga, na ile ingine inalia kama mtu anapasua karatasi. Akatabasamu mara ya kwanza. Ya mafuta ni waya imeshikana vibaya na bodi. Ya karatasi ni vumbi kwa kitufe cha kuongeza sauti. Mpaka leo nikisikia redio ya jirani najua iko na ugonjwa gani, na sisemi, kwa sababu nimestaafu.

Kesi ngumu kabisa ilikuwa ya mama mmoja wa Subukia. Redio yake ilikuwa inafanya vizuri kwa kibanda na ikifika kwake inagonga, tik, tik, tik, kama saa. Alirudi nayo mara nne. Mara ya nne akamwambia Mzee Shabani, "Nyinyi mnanichezea." Mzee akanituma niende naye mpaka kwake. Nikakaa kwa sebule yake, nikasikiza, nikatoka nje, nikaona ile waya ya stima jirani amezungushia ng'ombe wa maziwa. Kila ikipiga ng'ombe, inapiga redio. Tukahamisha redio upande ule mwingine wa nyumba, ikanyamaza. Yule mama alinipa kabeji nne, na mimi nikarudi Bondeni nikitembea kama daktari.

Kitu kingine nilijifunza huko, na sijivunii, ni kudanganya. Fundi hawezi kuishi bila uongo. "Spea haijatoka Nairobi." "Jana stima ilipotea." "Nilikuwa nakumalizia hivi sasa." Nilikuwa na uwezo wa kudanganya mtu huku nimeshika redio yake na sijaifungua wiki mbili. Kumbukeni hiyo mkifika mbele.

Mzee Shabani alipofariki nikapata kazi ya lab hapa shuleni kwetu, huku juu barabara ya Dundori, kwa sababu nilikuwa nimekuja kutengeneza kengele na prinsipo wa wakati huo akaona sina haraka ya kwenda. Siku ya kwanza mwalimu wa kemia aliniambia, "Fundi, niletee burette." Alitaka ule mrija wa kioo wa kupimia asidi. Mimi nikakimbia mpaka stoo ya Skauti nikamletea bereti. Nzuri kabisa, ya kijani, na nilikuwa nimeipanguza vumbi. Darasa zima liliangua kicheko. Mama Akinyi, mpishi, ambaye pia alikuwa ameanza kazi muhula huo, alisikia hiyo hadithi kabla ya saa nne, na nilipoenda kuchukua chai akanipigia saluti na mwiko. Hivyo ndivyo tulikuwa marafiki. Kwa miaka yote kama kuna kitu kimenikwama nilikuwa nakipeleka jikoni, na yeye alikuwa anakiangalia vile anaangalia maharagwe, anatoa mawe.

Kazi ya lab mnaijua. Kuosha vioo, kuwasha moto, kuficha asidi, kuambia watoto wasinuse. Sitawachosha. Niende kwa Mwalimu Moraa.

Mwalimu Moraa alikuja kufundisha fizikia akiwa bado mdogo, mfupi, haraka haraka, na alikuwa na leseni ya redio ya kuongea na watu wa mbali. Wiki ya pili alinikuta natengeneza redio ya Mama Akinyi na akaniuliza kama najua kuna watu kwa kile kituo kinachozunguka dunia wako na redio kama yake, na huwa wanaongea na shule.

"Shule za Nairobi," nikamwambia.

"Fundi, anga haina Nairobi."

Akaomba nafasi. Mimi nilicheka, lakini nilimsaidia, kwa sababu waya ni waya. Tulitengeneza antena na mabomba ya alumini ya antena za zamani za televisheni, na mbao, na bearing ya mkokoteni ili izunguke. Antena ya hii kazi lazima ifuate kituo kikipita, kutoka upande mmoja wa anga mpaka ule mwingine. Kinatokea huko nyuma ya Mau, kinapita juu, kinazama upande wa Subukia. Dakika kumi. Kikizama, kimezama, hata ukipiga magoti.

Akaniambia pia lazima nifanye mtihani wa leseni, kwa sababu siku yenyewe mmoja wetu atakuwa nje anageuza antena na mwingine atakuwa ndani kwa redio, na anayekaa kwa redio lazima awe na leseni. Nilianguka mara mbili. Mara ya tatu nilipita, na mtu mzima aliyeacha shule Form Two akatembea na hiyo karatasi kwa mfuko wa shati wiki nzima. Ndani ya sheria zake kuna kitu kimoja nilikariri mpaka leo: mwenye leseni ndiye ana neno la mwisho kuhusu nani anaongea kwa redio hiyo. Si prinsipo. Si mgeni. Ni yeye.

Barua ilipokuja kwamba tumepewa siku, Mwalimu Moraa alilia. Watoto kumi walichaguliwa kwa maswali yao. Maswali yalitumwa mapema pamoja na majina yao, ndio mwanaanga ajitayarishe. Tukaanza mazoezi. Maiki ya redio si kama ya kanisani. Ukibonyeza, wewe unaongea na husikii kitu. Ukiachilia, unasikia. Kwa hivyo lazima umalize na "over", uachilie, ungoje. Watoto waliishika mpaka ikaingia kwa mstari wa chakula. Mmoja anamwambia Mama Akinyi, "Naomba maharagwe ingine, over." Naye anajibu, "Imeisha, over."

Nambari tano ilikuwa Mercy Chebet.

Chebet hakuwa mtoto wa huku juu. Kwao ni chini, karibu na ziwa. Ziwa lilipoanza kupanda lilichukua choo kwanza, likachukua shamba la mahindi, halafu likaingia jikoni. Mama yake na watoto wakaletwa kwa shangazi yao huku Dundori kuchimba viazi. Baba yake alikataa kutoka. Alijenga kibanda cha mabati mahali palipoinuka kidogo, akabaki na ng'ombe watatu, akingoja maji yarudi. Kutoka dirisha la lab, siku ikiwa haina ukungu, unaona ziwa lote huko chini. Watoto wengine wanaangalia dirishani wakichoka na somo. Chebet alikuwa anaangalia kama mtu anachunga.

Swali lake alikuwa ameandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hivi: Nyinyi mnapita juu yetu kila siku. Ziwa letu bado linaongezeka ama limesimama?

Siku moja tukifanya mazoezi nilimwuliza kwa nini hakuuliza kama wengine, wanakula nini huko, wanaoga aje.

"Baba amesema akisikia mtu ambaye ameliona lote kwa macho yake, na hataki kura yake, akimwambia ahame, atahama."

"Na akimwambia limesimama?"

"Basi turudi nyumbani."

Alisema hivyo akikunja karatasi yake.

Siku ilifika. Wiki hiyo tulijaribu mota ya kuzungusha antena ikakataa, kwa hivyo Mwalimu Moraa alipanda kwa jukwaa la tangi ya maji, na simu kwa sikio moja, ageuze na mikono. Mimi nikakaa ndani ya ukumbi kwa meza, redio mbele yangu, swichi ya stima hapa karibu na goti, vipokea sauti kichwani. Shule yote ndani. Wazazi nyuma. Baba Chebet alikuwa amekuja, na koti nyeusi ya kanisa na gambuti ziko na matope bado, amekaa kwa benchi ya mwisho, kofia kwa magoti.

Nikaita mara ya kwanza, kelele ya mafuta. Nikaita mara ya pili, kelele. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ikatoka, safi, kama mtu yuko hapo nje kwa geti, akataja jina la shule yetu. Nyinyi ambao hamkuwepo, sijui niwaambie aje. Mama Akinyi alikuwa amesimama mlangoni na aproni. Alikaa chini, hapo hapo sakafuni.

Mtoto wa kwanza akauliza, akajibiwa. Wa pili. Wa tatu alisahau kusema "over" wenzake wakamsemea. Wa nne aliuliza kama wanaona lile shimo la volkano la Menengai, mwanaanga akacheka akasema wanaliona vizuri. Dakika ya tano. Chebet akachukua maiki. Akainua kidole akiweke kwa kibonyezo.

Mlango mkubwa ukafunguka.

Mgeni wa heshima alikuwa amechelewa saa moja na nusu, na nilikuwa nimeshukuru Mungu kwa hiyo. Aliingia na watu wake sita. Na sasa angalieni kile tumefundisha watoto wetu kwa miaka yote. Hakuna mtu alisema "simameni". Shule nzima ilisimama yenyewe kama imevutwa na kamba, wale tisa kwa foleni wakageuka pia, na wote wakaanza ule wimbo wa kusema, "Ka-ri-bu m-ge-ni we-tu." Na mimi nikasimama. Waya wa vipokea sauti ukanivuta kichwa, redio ikasonga kwa meza karibu ianguke. Mtu ana leseni, anaongea na anga, na amesimama nusu kama mbuzi aliyefungwa kwa mti.

Chebet peke yake hakugeuka. Alikuwa bado anaangalia redio.

Prinsipo akanijia, ananong'ona. "Fundi, mheshimiwa asalimie tu."

"Prinsipo, tuko hewani. Kuna watoto sita."

"Kidogo tu. Atasalimia, atakaa. Sasa mtu amekuja kutoka mbali asisalimie?"

Hilo neno ndilo nataka mlitoe kwa hii hadithi, vijana. Kusalimia. Kwetu hakuna mtu anahutubia, watu wanasalimia tu. Mazishini wanasalimia, harusini wanasalimia, maiti inangoja kwa jua wanasalimia. Ukikataa mtu asisalimie, wewe ndiye umekosa adabu, yeye hajakosa. Na mimi nililelewa vizuri, ndiyo bahati mbaya yangu. Nikageuka kwa Chebet, nikamwambia, "Ngoja kidogo, mama," nikatoa maiki kwa mkono wake. Kidole chake kilikuwa kimeshika sana. Ilibidi nivute.

Mheshimiwa akaishika kama ya kanisani. Akabonyeza, hakuachilia.

"Haloo. Haloo. Mnanisikia huko juu? Kwanza nimshukuru Mungu aliyetupatia siku hii. Nimtambue prinsipo wetu, nimtambue chifu, niwatambue wazazi, niwatambue walimu, na nyinyi mlio huko angani pia nawatambua. Mimi ni mtu wa maneno machache."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, ukiachilia hapo, atakujibu."

Akanigusa bega na ule mkono mwingine, vile unatuliza ng'ombe. "Watu wangu ni wakulima. Viazi za hapa hakuna mahali zinashindwa. Mkishuka, mpitie hapa, tutawachinjia mbuzi."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Nilikuwa naangalia laptopu, ile alama ndogo ya kituo inatembea kwa ramani. Ilikuwa imepita juu yetu, inaenda Subukia. Dakika ya saba. Swichi ya stima ilikuwa hapa, kwa goti. Ningeigusa tu, taa zizimike, niseme, "Pole mheshimiwa, stima imepotea," nimketishe, niwashe, nimrudishie mtoto. Nani angejua? Mimi niliyedanganya nusu ya Nakuru kuhusu spea. Maisha yangu yote nilikuwa nafanya mazoezi ya huo uongo mmoja, na siku ulipokuwa na maana mkono wangu ulikaa kwa goti kama wa mtoto wa Sunday School.

"Na juu ya mambo ya ziwa," mheshimiwa akasema, kwa sababu alikuwa ameona wazazi wa kule chini, "serikali inaangalia. Wananchi wawe na subira."

Nikaangalia benchi ya mwisho. Baba Chebet alikuwa anavaa kofia.

"Nilikuwa na mengi," mheshimiwa akasema, "lakini kwa hayo machache, Mungu awabariki." Akaachilia.

Kelele ya mafuta. Nikaita. Kelele. Nikaita tena.

"Wamekata?" mheshimiwa akauliza. Halafu akageukia watu. "Hata huko juu network ni mbaya." Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka. Hiyo sikuwaambia pale juu, kwa sababu aibu mbili kwa mstari mmoja ni nyingi. Nilicheka, kwa sauti, na meno.

Mwalimu Moraa aliingia mbio kutoka kwa tangi, jasho, mikono imekwaruzwa, anatabasamu. "Wote kumi?" akaniuliza. "Tumemaliza wote kumi?"

Chebet alikuwa bado amesimama pale. Nilimwambia pole. Akasema, "Haina shida, fundi." Akakunja karatasi, akaenda kusaidia kupanga viti.

Nilienda kwa prinsipo kesho yake. Nilimwambia tuandike, tueleze kilichotokea, tuombe nafasi ingine, na kwa ripoti tuseme ukweli. Alikuwa anaangalia picha za kuchagua moja ya kuweka kwa ofisi. Zote zilikuwa za mheshimiwa na maiki. Kwa moja unaona kiwiko cha Chebet.

"Fundi," akasema, "umebakisha muda gani ustaafu?"

"Mwaka."

"Si unywe chai tu ungoje mwaka uishe."

Picha iko kwa ukuta, mnaiona kila siku mkienda kuomba ruhusa. Chini yake imeandikwa kwamba shule yetu iliongea na anga. Shule iliongea dakika tano. Zile zingine ziliongewa na tumbo moja.

Mwalimu Moraa aliandika. Walijibu kwa heshima, wakasema yule mwanamke amesharudi duniani, kuna foleni, watajaribu. Bado tunangoja. Halafu mwezi mmoja baadaye mwenzetu wa redio wa Naivasha, ambaye alikuwa anasikiza siku ile kwa redio yake, akatutumia alichorekodi. Yeye alikuwa anashika sauti ya kutoka juu tu, si ya kutoka kwetu. Kwa hivyo kwa hiyo rekodi mheshimiwa hayuko kabisa, na hiyo ndiyo faida yake. Kuna majibu manne. Halafu kuna kimya kirefu. Halafu yule mwanamke anasema, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba anangoja swali la tano, na huku chini kibonyezo kimebanwa, hakuna anayemsikia. Kimya. Anasema tena. Halafu anasema, "Chebet, kama unanisikia, niko na picha mbili za ziwa lenu hapa, moja ya mwaka jana na moja ya wiki hii, na nikiziweka pamoja naona," halafu kelele inakuja, na kituo kimezama.

Nilibeba hiyo simu mpaka chini kwa Baba Chebet. Nilimkuta anahamisha zizi, maji yalikuwa yamefika kwa nguzo za kwanza. Nikampigia rekodi. Akasikiza ameinamisha kichwa, vizuri kabisa, Mzee Shabani angempenda.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Anaona nini?"

"Hajamaliza, mzee."

"Kwa nini hajamaliza?"

Nikamwambia kwa nini. Nikamwambia ni mimi nilipeana maiki. Akachukua nyundo yake.

"Huyo mama alikuwa anataka kuniambia," akasema. "Alikuwa ametayarisha." Akapiga msumari. "Wewe rudi kazini, fundi. Mimi nitangoja nione mwenyewe."

Yuko huko mpaka leo. Mvua ya juzi imemsukuma tena hatua ishirini hivi. Ng'ombe ni wawili.

Kwa hivyo, nyinyi mlio na leseni sasa, na najua ni wawili: siku ingine itakuja. Mgeni pia atakuja, na atataka tu kusalimia. Msiniulize mtasema nini. Semeni stima imepotea. Semeni fundi ni mgonjwa wa akili. Nitakubali, nitakuja niandike sahihi. Lakini maiki isitoke kwa mkono wa mtoto. Mimi nimekasirika na mheshimiwa, na prinsipo, na wale waliopiga makofi, na wimbo wa kukaribisha wageni, lakini nikilala upande wowote nakutana na mikono yangu miwili inapeana.

Siku niliyotoka kwa Baba Chebet nilipitia jikoni. Mama Akinyi alikuwa anakoroga ugali wa watu mia nne. Nilimwambia yote, nikamalizia na kitu nilichokuwa nimejiwekea cha kunituliza. Nilisema angalau mtoto mwenyewe hakukasirika. Aliniambia haina shida. Alipanga hata viti.

Mama Akinyi hakuacha kukoroga.

"Ndung'u, hakukasirika kwa sababu hakushangaa," akasema. "Ungekataa, hapo ndipo huyo mtoto angeshangaa."